Sindano Isiyo na Dawa: Akupancha na Watu wa Afungi

Swali lililozaa insha hii aliliuliza bibi yangu akiwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha kliniki moja ya Kichina jijini Dar es Salaam. Daktari alikuwa amekwisha kumchoma sindano ya tatu karibu na kiuno, akaiacha pale pale imesimama, na sasa alikuwa anapapasa mahali pa kuchoma ya nne. Bibi akageuza shingo akanitazama. "Mjukuu wangu, mbona huyu hana bomba? Dawa iko wapi?" Nikamwomba muuguzi amfikishie daktari swali hilo. Daktari akatabasamu, akasema dawa hakuna, ni sindano tu. Jibu hilo lilimuudhi bibi kuliko kuchomwa kwenyewe, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akilalamika kwamba tumelipa fedha kwa bomba tupu, tena hata bomba lenyewe halikuwapo.

Bibi alizaliwa Afungi, ile rasi iliyo kusini ya mji wa Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Leo ukilitaja jina hilo watu hufikiria gesi. Gesi iligunduliwa baharini mwaka 2010, na kuanzia 2019 familia za vijiji vilivyokuwa ndani ya eneo la mradi, kikiwemo Quitupo, zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, watu kwa maelfu wakakimbia, na baada ya misukosuko mingi ambayo si ya insha hii bibi akafika Mtwara kwa shangazi yangu. Alifika na maumivu ya kiuno yasiyomruhusu kulala. Vidonge vya hospitali vilimpa nafuu ya siku mbili tatu, kisha tumbo likaanza kumwaka. Ndipo jirani mmoja akatushauri tujaribu akupancha, au sindano za Kichina kama wengi wanavyoziita.

Yapo maandishi mengi yanayomweleza mtu atarajie nini siku ya kwanza ya akupancha: atalala vipi, atachomwa sindano ngapi, ataumia kiasi gani. Nitayagusa hayo. Lakini swali la bibi lilinionesha kwamba mtu haendi kwenye kitanda kile bila matarajio. Anakwenda na kumbukumbu ya kila chombo kilichowahi kutoboa ngozi yake na ya wazazi wake. Hoja yangu ni kwamba matarajio hayo yana historia, na kwa watu wa pande zote mbili za mto Ruvuma historia hiyo inaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Tuanze na ngozi kabla ya sindano. Wamakonde wa nyanda za Mueda, majirani wa Wamakwe na Wamwani wa pwani, walijulikana kwa nembo zao: ngozi ya uso au ya kifua ilichanjwa kwa chuma kikali, kisha mkaa ukasuguliwa ndani ya majeraha ili alama ibaki na rangi. Hiyo ilikuwa alama ya ukoo na ya urembo. Pwani kulikuwa na chale za waganga, mikato midogo ya wembe juu ya kiungo kinachouma, na juu ya mikato hiyo mganga alipaka dawa iingie na damu. Kulikuwa pia na kuumika. Mganga alichukua chuku, yaani pembe iliyotobolewa nchani, akaiweka juu ya ngozi, akaifyonza hewa kwa mdomo na kuliziba tundu kwa nta. Ngozi iliinuka ndani ya pembe, damu ikavutwa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaijua chuku kama tamathali ya usemi, mtu anapolikuza jambo kupita kiasi, pengine kwa sababu nyama iliyo chini ya pembe nayo huvimba kupita kiasi. Wengi wetu tumeikariri kwa ajili ya mtihani bila kuwahi kuiona pembe yenyewe. Bibi yangu anayo makovu yake mgongoni, mviringo wa mikato midogo.

Katika mambo haya yote, kutoboa ngozi ni kufungua mlango. Ama kitu kiingie, kama dawa ya chale, ama kitu kitoke, kama damu ya chuku. Hata neno letu la kitaalamu limetoka humo. Kinga ya ndui ilipofika Afrika Mashariki ilitolewa kwa kukwaruza mkono na kuingiza dawa penye mkwaruzo, kwa hiyo watu wakaiita chanjo, kutokana na kuchanja. Lilikuwa jambo wanalolijua, likifanywa na mganga mwingine aliyevaa koti jeupe.

Kisha ikaja sindano ya hospitali, na hapa ni lazima tuzungumzie buba. Ugonjwa huu wa vidonda vya ngozi, ambao ukiachwa hufika hadi kwenye mifupa, ulienea sana kusini ya Tanganyika na ng'ambo ya Ruvuma. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza na hospitali za misheni zilianza kuutibu kwa sindano za madini ya bismuthi na za aseniki. Vidonda vilivyomtesa mtu kwa miezi vilikauka baada ya siku chache. Watu walimiminika kwa maelfu. Masasi, ambako misheni ya UMCA ilikuwapo tangu 1876, na baadaye Lulindi, ambako daktari Leader Stirling alianza kazi mwaka 1935, zikawa sehemu ambazo mtu alitembea siku kadhaa ili achomwe. (Huyu Stirling ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka 1975.) Upande wa Msumbiji hali ilikuwa tofauti. Hadi mwaka 1929 Cabo Delgado ilitawaliwa na Kampuni ya Nyasa, kampuni iliyojishughulisha na kodi na kazi za shuruti kuliko kumtibu mtu yeyote. Waliovuka mto kuikimbia kodi walivuka pia kuelekea kwenye sindano.

Miaka ya 1950 ikaja penisilini, na buba ikapungua sana. Lakini imani ilibaki. Madaktari wa enzi hizo walishangaa kwamba mgonjwa wa kichwa, wa tumbo, hata wa uchovu, hakuridhika mpaka achomwe. Wengine waliona ni ujinga. Mimi naona watu hawa walikuwa na sababu nzuri, kwani walikuwa wameona kwa macho yao nini sindano inaweza kufanya. Ila ushahidi huo uliwafundisha jambo moja mahususi: nguvu ya sindano imo ndani ya bomba. Sindano ni njia tu, dawa ndiyo inayosafiri. Bibi yangu alichomwa sindano ya buba akiwa mtoto, na hadi leo anasimulia rangi ya dawa ile.

Wakati huohuo sindano nyingine ilikuwa na historia yake huko China. Nadharia ya akupancha imeandikwa katika kitabu kiitwacho Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa ufupi, mwili una mikondo ambamo hupita qi, nguvu ya uhai, na mkondo ukiziba mtu huugua. Sindano inayochomwa penye nukta maalumu huufungua. Tukiishia hapo tutadhani tiba hii imeshuka moja kwa moja kutoka kale hadi kwetu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliamuru akupancha iondolewe katika chuo cha tiba cha ikulu. Mwaka 1929, mwaka uleule Kampuni ya Nyasa ilipofika mwisho, serikali ya China ilijadili pendekezo la kuifuta kabisa tiba ya jadi. Baada ya 1949 ndipo serikali ya Mao, yenye watu wengi mno na madaktari wachache mno, ilipoinyanyua upya, ikaiingiza hospitalini na vyuoni na kuisanifu kwa vitabu vya kiada. Hiyo ya kusanifiwa ndiyo iliyosafiri kuja Afrika.

Na ilisafiri kwa njia ya siasa. Timu ya kwanza ya madaktari wa China kutumwa nje ilikwenda Algeria mwaka 1963. Zanzibar ilipata ya kwake baada ya Mapinduzi ya 1964, kutoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968, kutoka jimbo la Shandong. Baadaye wakaja mafundi na wafanyakazi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Katika timu za madaktari kwa kawaida alikuwepo mtaalamu wa akupancha pamoja na madaktari wa upasuaji na wa akina mama. Mara nyingi tunasoma kwamba dunia iliijua akupancha mwaka 1971, pale mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alipoandika jinsi alivyochomwa sindano Beijing baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Iliyoijua mwaka huo ni Marekani. Madaktari wa Shandong walikuwa wamekwisha kukaa Tanzania miaka mitatu.

Miaka hiyohiyo watu wa Cabo Delgado walikuwa vitani. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ilianza mapambano ya silaha huko Chai tarehe 25 Septemba 1964. Bibi alivuka Ruvuma kwa mara ya kwanza wakati huo, akiwa msichana. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, na miongoni mwa wakufunzi wao walikuwemo Wachina. Majeruhi wao walitibiwa Mtwara, katika hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la daktari wa Angola, Américo Boavida. Kiongozi wao baada ya Mondlane, Samora Machel, alikuwa muuguzi kwa taaluma. Kwa hiyo uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, haishangazi kwamba afya ilipewa uzito, wala kwamba China ilikuwa rafiki. Timu ya kwanza ya madaktari wa China, kutoka jimbo la Sichuan, ilifika Msumbiji mwaka 1976.

Ilifika Maputo. Hapa ndipo ramani inapotuambia jambo ambalo historia za kitaifa hulificha. Kutoka Palma hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama 560 tu, na Mtwara iko jirani, ng'ambo ya mto. Mtu wa Afungi aliyetaka sindano ya Kichina, kama mtu wa Afungi aliyetaka sindano ya buba miaka 40 kabla yake, alikuwa karibu na nchi ya watu wengine kuliko na mji mkuu wake mwenyewe. Tukiandika historia ya tiba kwa kufuata mipaka ya nchi tutampoteza mgonjwa huyu. Mwenyewe alifuata lugha na ndugu, na vyote viwili vilimwelekeza kaskazini.

Kuanzia miaka ya 1990 kliniki binafsi za Kichina zilifunguliwa Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika Mashariki. Nyingi ziliuza zaidi dawa za vidonge na za unga. Akupancha ilikuwa huduma ya pembeni. Nadhani sababu ni ileile ya bibi. Kidonge cha Kichina ni rahisi kukielewa, kina dawa ndani yake. Sindano tupu inahitaji maelezo, na maelezo yanahitaji mkalimani. Mwaka 2002 Tanzania ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na Baraza lake ndilo linalosajili watoa huduma. Anayetaka kwenda aulize usajili kabla ya kuuliza bei. Sisi tulianza na bei, na hilo ni kosa letu.

Sasa nieleze siku yenyewe. Daktari hakuanza na kiuno. Aliuliza kuhusu usingizi, choo, na kama bibi anasikia baridi miguuni. Akaomba aone ulimi, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akashika mishipa ya mikono yote miwili kwa vidole vitatu, kimya. Bibi alitulia kabisa hapo, kwa sababu mganga anayesikiliza mwili kabla ya kuuliza alikuwa anamfahamu. Sindano zilitolewa kwenye pakiti iliyofungwa, moja moja, na hili ni jambo la kulisimamia bila aibu: pakiti ifunguliwe mbele yako, na sindano ikishatumika itupwe. Kizazi kilichoona UKIMWI kinajua kwa nini. Sindano yenyewe ni nyembamba mno, unene wake ni kama robo ya milimita, na haina tundu, kwa hiyo hata ungetaka kupitisha dawa isingepita. Kuingia kwake bibi alikufananisha na kuumwa na siafu mmoja. Kilichofuata ndicho ambacho hakukitarajia. Daktari aliizungusha sindano kidogo, na bibi akasema kiuno kimekuwa kizito, kama mguu uliokaliwa. Muuguzi alifurahi kusikia hivyo. Wachina wana jina la hali hiyo, de qi, yaani qi imefika: uzito, ganzi, kujaa, wakati mwingine kitu kama umeme mdogo. Mgonjwa asiyeambiwa mapema anaweza kudhani ameharibiwa mshipa.

Alilala na sindano hizo kama nusu saa. Ukiwa pale usijigeuze. Wengine hupitiwa na usingizi. Zilipotolewa kulikuwa na tone moja la damu, likafutwa kwa pamba, na siku iliyofuata alama ndogo ya samawati. Wapo wanaosikia kizunguzungu, hasa wakienda na njaa, kwa hiyo kula kwanza. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda waseme kabla ya kuchomwa. Hatari kubwa, kama sindano ya kifuani kufika kwenye pafu, ni nadra, lakini ndiyo sababu ya kutaka aliyesomea. Na hakuna anayemaliza kwa siku moja. Tuliambiwa turudi mara mbili kwa wiki.

Je, inafanya kazi? Mwanafunzi wa historia hana haki ya kulikwepa swali hili, maana akilikwepa anaiuza tiba kwa jina la utamaduni. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Ujerumani kwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilichomwa kwa kufuata nukta za Kichina, kundi la pili lilichomwa juujuu mahali pasipo na nukta, kundi la tatu likapata vidonge na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, kundi la pili 44.2, kundi la tatu 27.4. Kwa hiyo sindano zilishinda vidonge, lakini mahali pa kuchoma palileta tofauti ndogo sana. Wapinzani wa akupancha husema hii ni imani tu. Watetezi husema nafuu ni nafuu. Mimi naona matokeo haya yanarudisha hoja kwenye matarajio: kulazwa, kusikilizwa, kuguswa na kuchomwa na mtu unayemwamini vina sehemu katika kupona, na kile ambacho mtu anakitarajia kutoka kwenye sindano amekirithi. Mjerumani alikirithi kwake, bibi yangu alikirithi kwenye foleni ya buba. Jaribio kama hilo likifanyika Mtwara, nisingetarajia kundi la sindano tupu lianze mahali pamoja na lile la Ujerumani.

Bibi hakutaka kurudi. Shangazi ndiye aliyembembeleza, kwa hoja kwamba usiku ule wa kwanza alilala hadi alfajiri, jambo ambalo bibi alidai limetokana na uchovu wa daladala. Mara ya pili alikwenda amenuna. Mara ya tatu daktari, baada ya kuchomoa sindano, alimpapasa mgongo na kuyaona yale makovu ya mviringo. Akauliza. Muuguzi akatafsiri, bibi akaeleza pembe, nta na wembe, akionesha kwa mdomo jinsi hewa inavyofyonzwa. Daktari akaenda kabatini akarudi na vikombe vya kioo, akawasha pamba kwa kibiriti, akaipitisha ndani ya kikombe kimoja na kukibandika mgongoni kwa bibi. Ngozi ikainuka.

"Kumbe na nyinyi mnaumika," bibi alisema. Akamshika mkono, kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu, kisha akamuuliza ni nani aliyemfundisha.

Tumekwenda mara saba hadi sasa. Usingizi umerudi, kiuno bado kinamkamata akiinama kufagia. Juzi alimuuliza muuguzi kama sindano hizi zinapatikana Palma, kwa sababu anataka kurudi.